Picha za watu wengine kwenye diski ya shangazi

Picha ya kwanza kutokea kwenye skrini haikuwa yetu.

Tulikuwa watatu kwenye kibanda cha fundi, Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Joto la saa nane mchana, feni inazungusha hewa ileile, mlango uko wazi na bajaji zinapita. Shangazi amekaa kwenye stuli ya plastiki, mkoba mapajani, miwani mkononi. Tulikuja kutafuta picha za marehemu mumewe, ambaye Makorora nzima ilimwita Mwalimu mpaka siku anazikwa. Mjukuu alikuwa amepiga fomati kompyuta ya nyumbani na kuweka Windows mpya ili magemu yake yasikwame. Hakujua babu aliweka nini mle ndani.

Fundi akabonyeza. Picha ndogondogo zikaanza kujipanga, safu baada ya safu.

Msichana wa Kizungu, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi, amekaa kwenye ubao wa kutelezea juu ya theluji. Mbele yake mwanamume ameshika kamba, anacheka.

Shangazi akavaa miwani. "Hawa kina nani?"

"Hawa ndio waliokuwa na kompyuta kabla yenu, mama," fundi akajibu bila kugeuza shingo.

Yeye ameshazoea. Mimi sijazoea, na tangu siku ile jambo hili halijaniachia.

## Kiwanja na daftari

Kompyuta ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya. Mwalimu aliinunua alipostaafu, na ilipofika nyumbani haikuwa na faili la mtu yeyote. Folda zote tupu. Ukiona folda tupu unaamini diski nayo ni tupu. Nani angefikiri vingine?

Windows hupanga diski kwa mfumo unaoitwa NTFS. Kila faili lina rekodi yake kwenye jedwali kuu, na rekodi hiyo kwa kawaida ina baiti 1,024 (baiti moja hubeba herufi moja ya kawaida). Humo mna jina la faili, tarehe, ukubwa, na maelezo ya wapi kwenye diski vipande vyake vimewekwa. Ukifuta faili kisha ukamwaga pipa la taka, mfumo unabadilisha alama kwenye rekodi ile kuonyesha kwamba haitumiki tena. Halafu unakwenda kwenye ramani ya diski na kuandika kwamba zile sehemu ziko huru. Kazi imekwisha. Picha yenyewe, yaani ile mipangilio ya sumaku juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, haijaguswa.

Ni kiwanja ambacho jina la mwenyewe limekatwa kwenye daftari la mtaa, lakini nyumba bado imesimama na vyombo vimo ndani. Itasimama hivyo mpaka atokee mtu wa kupewa kiwanja kilekile, avunje, ajenge yake.

Kwenye flashi na memori kadi zinazotumia mfumo wa FAT mambo ni mepesi zaidi: herufi ya kwanza ya jina la faili inabadilishwa kuwa alama maalumu, E5 kwa hesabu ya kompyuta, na orodha ya vipande vyake inafutwa. Ndiyo maana programu ya kufufua mafaili iliyokuja na MS-DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, ilikuwa inakuuliza: jina hili lilianza na herufi gani?

Waliobuni mfumo huu hawakuwa wazembe. Kuandika sifuri juu ya filamu nzima kunachukua muda kama wa kuinakili upya, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kusubiri kiasi hicho kila anapofuta kitu. Walichagua kasi. Tatizo ni kwamba sisi tunaotumia hatukuambiwa walichagua nini.

Fomati nayo ina pande mbili. Ile ya haraka hutengeneza jedwali jipya na kuacha sehemu kubwa ya diski kama ilivyokuwa. Ile kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri diski nzima. Lakini unapoweka Windows mpya na kubonyeza kitufe cha fomati, unapata ile ya haraka. Ndiyo aliyoitumia mjukuu, na bila shaka ndiyo waliyoitumia waliosafirisha kompyuta ile kuja huku.

Diski ya shangazi ilikuwa ya gigabaiti 500. Mwalimu hakuwa mtu wa filamu wala muziki. Kwa miaka yote aliyoitumia hakujaza hata robo yake.

Sehemu iliyobaki walikuwa wakiishi watu wa theluji.

## Masharti ya fundi

Sharti lake la kwanza alilitoa kwa simu, kabla hajaiona kompyuta: izimeni, na msiiwashe tena. Windows hata ukiiacha bila kuigusa inaandika. Masasisho, kumbukumbu za matukio, vipande vya kurasa za mtandao, vyote vinahitaji pa kukaa, na pale palipotangazwa kuwa huru ndipo panapochukuliwa. Wapo wanaopakua programu ya kufufua mafaili na kuisimika kwenye diski ileile wanayotaka kuiokoa. Programu inakwenda kukalia picha waliyokuwa wanaitafuta.

Swali lake la pili: ni diski ya kuzunguka au SSD? Tulipomwambia ni ya kuzunguka, akasema basi leteni. Wakati ule sikuelewa kwa nini swali lile lilikuwa zito. Nitalirudia.

Alipoitoa kwenye boksi aliiunganisha na umeme, akaisogeza sikioni. Diski ikigonga tik, tik, tik, ujue kichwa kinachosoma kina hitilafu. Kichwa hicho huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na kila unapoendelea kuiwasha diski ya namna hiyo unaweza kuwa unaikwaruza. Hizo fundi wetu hazigusi. Zinataka chumba kisicho na vumbi na vifaa ambavyo yeye hana, na anakwambia hivyo mapema kabla hujatoa hela. Nilimheshimu kwa hilo. Yetu ilivuma sawasawa.

Kisha akanakili diski nzima, sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, pamoja na zile sehemu ambazo Windows inasema hazina kitu, kwenda kwenye diski nyingine. Kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa na betri ya akiba, maana umeme wetu tunaujua. Diski yenyewe akaiweka kwenye mfuko, akaandika jina la shangazi kwa kalamu ya wino mzito. Kuanzia hapo kila alichokifanya alikifanya kwenye nakala.

Programu aliyotumia haikuhangaika na majina wala folda. Inasoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho na kutafuta dalili. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Programu ikizikuta inasema hapa pameanza picha, na inaendelea kusoma mpaka mwisho wake. Inachokiokota inakipa jina la herufi f na tarakimu nyingi, tarakimu zinazoonyesha sekta ambako faili limeanzia. Majina aliyoyaweka Mwalimu, na alikuwa mtu wa kupanga vitu vyake, yalikuwa yamekwenda na jedwali la zamani.

Picha nyingi zilitoka nzima. Harusi ya binti yao. Mahafali ya shule aliyofundisha mwisho. Kuna moja amesimama ufukweni Raskazone, kanzu nyeupe, kofia, mkono umeinuliwa kumsalimia anayepiga picha. Kuanzia kifuani kushuka chini ni kijivu kitupu. Sekta zilizobeba nusu ile zilikuwa zimeshakaliwa na Windows ya mjukuu.

Fundi akataka kuifuta, akidhani haina maana.

"Uso upo," shangazi akasema. "Nipe hiyohiyo."

## Yale mashairi mafupi

Mwalimu alikuwa mtunzi. Hakuchapisha kitabu, alisomea watu kwenye harusi na maulidi, na alituma mashairi redioni. Utenzi wake mrefu aliuandika kwenye Word, na ulipookotwa ulifunguka mzima. Mashairi mafupi aliyaandika kwenye Notepad, kila moja na faili lake.

Hayo hayakutoka. Shangazi alijua yalikuwa mengi, kwa sababu alikuwa akimsikia usiku akihesabu mizani kwa vidole juu ya meza.

Niliuliza kwa nini. Picha ni kubwa, ina mamilioni ya baiti, nayo imeokoka. Shairi la mistari michache limepotea. Nilidhani kitu kidogo ni rahisi kujificha.

Fundi akanieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe kuhakikisha. NTFS inabana matumizi. Faili dogo sana, chini ya baiti 700 hivi, halipewi nafasi yake pembeni kwenye diski. Linasokomezwa ndani ya rekodi yake, mlemle kwenye jedwali, kwa sababu nafasi ipo na kusoma kunakuwa kwa haraka.

Sasa piga hesabu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja. Ukihesabu herufi na nafasi zake, haupiti sana 160. Shairi la beti tatu linaingia ndani ya rekodi na nafasi inabaki. Windows mpya iliposimikwa ilikuja na makumi ya maelfu ya mafaili yake, kila moja na rekodi yake, na rekodi hizo ziliandikwa kwenye eneo lilelile la jedwali la zamani. Picha ya harusi ilikuwa mbali, kwenye uwanda wa diski, haikuguswa. Mashairi yalikuwa ndani ya jedwali.

Angeandika beti kumi kwenye faili moja, shairi lingepata sehemu yake nje, na pengine tungeliokota japo kwa vipande.

Hili limeniuma kuliko yote niliyojifunza kwenye kibanda kile. Kwamba kilichoamua nini kibaki cha mtu ni ukubwa wa faili, na kwamba mtunzi aliyejua kubana maneno amepoteza kwa sababu hiyohiyo ya kubana.

Fundi hakukata tamaa. Alikwenda mwenyewe mpaka eneo ambako mkia wa jedwali la zamani ungeweza kuwa, rekodi ambazo Windows mpya haikuzifikia, akafungua programu inayoonyesha baiti kama zilivyo. Kila rekodi inaanza na neno FILE kwa herufi kubwa. Kisha alama nyingi zisizosomeka, halafu jina la faili, na jina hilo linaonekana na nukta kati ya kila herufi, kwa sababu mfumo huhifadhi kila herufi ya jina kwa baiti mbili. Tulipita rekodi nyingi za takataka za Windows ya zamani. Halafu tukaona: s.u.k.a.n.i. Chini yake kidogo, bila nukta, maneno yamenyooka:

Jahazi bila sukani, lapotea na matanga,
Nami sina tumaini, nikitengana na Tanga.

Yalifuata mengine, beti mbili kamili. Shangazi aliyasoma kwa sauti kutoka kwenye skrini, kidole kikihesabu kwenye goti. Alikuwa hajawahi kulisikia shairi lile.

Ni hilo moja tu.

## Wale wengine

Kwa bahati mbaya programu inayotafuta dalili haijui nani ni nani. Kila tulipopata picha ya Mwalimu tulipata na za wale watu. Msichana wa theluji akikua, picha hadi picha. Keki yenye mishumaa. Bibi mzee kwenye kiti cha magurudumu, ameshikwa bega. Halafu barua kwa Kijerumani, moja ina kichwa cha benki na namba ndefu, nyingine inaonekana ni ripoti ya shule.

Picha nyingi hubeba maelezo yake ndani: aina ya kamera, tarehe, saa. Zilizopigwa kwa simu zinaweza kubeba hata latitudo na longitudo. "Ukitaka," fundi aliniambia, "naweza kukuonyesha mpaka paa la nyumba yao."

Alisema bila nia mbaya. Mwili ulinisisimka.

Shangazi aliliona jambo hili kwa wepesi. "Basi waandikieni. Waambieni picha zao zipo huku, tunazo, waseme tuwatumie vipi."

Nilipinga. Nilimwambia: fikiria wewe ndiye unapata ujumbe kutoka kwa mtu usiyemjua, nchi usiyoijua, anakwambia ana picha za mwanao, ana barua za benki yako na anajua unapokaa. Hutashukuru, utakimbilia polisi. Hata tungeandika kwa adabu kiasi gani, ujumbe wetu ungesomeka kama vitisho vya kutaka fedha, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo kweli.

Shangazi alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na kama yule baba amekufa kama wangu? Na kama hizo ndizo picha zao pekee zilizobaki?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina jibu ninaloliamini moja kwa moja. Nilikuwa nimekaa pale nikimshukuru Mungu kwamba kufuta hakufuti, kwa sababu kumetupa Mwalimu. Nilikuwa tayari kuwanyima wengine shukrani ileile kwa hoja kwamba wataogopa.

Lakini kuna hoja nyingine inayonirudisha upande wangu. Watu wale waliiachia kompyuta ile wakiamini ni tupu. Kama wangejua, wasingeiachia. Kuzitazama picha zao ni kutumia imani waliyoiweka mahali pasipostahili.

Si wao peke yao. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakati huo wanafunzi wa MIT kule Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Walinunua diski 158 zilizotumika. Zilizokuwa zinafanya kazi zilikuwa 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki kwa maelfu, barua za siri, taarifa za wagonjwa. Diski moja ilionekana imetoka kwenye mashine ya kutolea fedha huko Illinois. Hawa walikuwa watafiti. Mtu mwingine yeyote mwenye hela ya kununua diski kuukuu angeyakuta hayohayo.

Na wakati mwingine anayekuta ni polisi. Mwaka 2005 muuaji aliyeitesa Wichita, Kansas, kwa miongo mitatu alituma diskieti kwenye kituo cha televisheni. Wapelelezi walikuta ndani yake hati ya Word iliyokwisha kufutwa, na kwenye maelezo ya hati hiyo kulikuwa na jina Dennis na jina la kanisa. Muda mfupi baadaye Dennis Rader alikamatwa. Watu 10 aliowaua walipata haki kwa sababu ya faili lililofutwa.

Nikiziweka habari hizi pamoja na yetu naona kitu kimoja. Kilichobaki kwenye diski kinamtumikia yule aliyeishika. Shangazi kilimpa mumewe, polisi kiliwapa muuaji, na mwizi kitampa namba ya akaunti. Aliyefuta hana neno tena. Aliondoka mezani akidhani amemaliza.

## Tunachokiacha steshenari

Baada ya siku ile nimeanza kuziangalia steshenari zetu kwa jicho jingine.

Nani kati yetu hajapeleka kitambulisho cha NIDA kuskaniwa? Vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, barua ya maombi ya kazi, fomu za mkopo wa chuo, mkataba wa kiwanja wenye picha za pande zote mbili na mashahidi wao. Kijana wa steshenari anaskani, anakutumia kwenye barua pepe au anakuwekea kwenye flashi, na faili linabaki kwenye skrini yake kati ya mengine mengi. Ukimwomba alifute anafuta mbele yako, tena kwa roho safi. Hajui zaidi ya hapo, na mimi pia nilikuwa sijui.

Kompyuta ile ikichoka itauzwa. Diski yake itang'olewa na kuwekwa kwenye kompyuta nyingine, au itakaa kwenye boksi la fundi pamoja na nyingine zisizo na majina. Nimeliona boksi hilo chini ya meza ya fundi wetu. Alinifungulia mwenyewe nilipouliza. Hizo zilikuwa za hapahapa.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Siandiki haya ili kijana wa steshenari apelekwe mahakamani. Naandika kwa sababu sheria haiwezi kufika kwenye sekta za diski kama anayeishika diski hajaonyeshwa namna ya kuzisafisha, na kuzisafisha si kazi ngumu wala haihitaji programu ya kununua.

## Namna ya kusafisha, na tulichoamua

Mafundi wengi bado watakwambia diski inatakiwa iandikwe juu yake mara 35. Namba hiyo imetoka kwenye andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996. Mara zile 35 zilikusanya mbinu za aina nyingi tofauti za diski za wakati ule, na Gutmann mwenyewe alikuja kueleza kwamba hakuna sababu ya kuzifanya zote kwa diski moja. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, toleo la mwaka 2014, ulisema kwa diski za sumaku za siku hizi kuandika juu yake mara moja kwa kawaida kunatosha. Mara moja, diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Unaiacha ifanye kazi, unakwenda kuswali, unarudi.

Tulikubaliana kwanza kutenganisha. Fundi alipanga picha kwa aina ya kamera na tarehe, bila kuzifungua. Kamera ya Mwalimu ilikuwa moja tu, na tarehe ambayo kompyuta iliingia nyumbani shangazi aliikumbuka. Vilivyo kabla ya hapo hatukuvigusa tena.

Kuvifuta, shangazi hakukubali siku ile. Aliondoka na picha zake na utenzi na lile shairi, akaniambia atafikiri. Nilimwacha. Alipokuja kukubali alinipigia simu mwenyewe, na alikuwa na sharti ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

"Na ile nakala aliyotoa fundi, je?"

Kweli. Watu wale sasa walikuwa mahali patatu: kwenye diski yenyewe, kwenye nakala, na kwenye folda ambamo programu ilimwaga ilivyookota. Tungesafisha diski yetu na kuwaacha Ngamiani mara mbili. Tulirudi. Fundi akaandika sifuri kwenye diski zote mbili na kwenye eneo lililokuwa na ile folda, shangazi kwenye stuli yake akiutazama ule mstari wa asilimia. Kisha fundi akafungua ile programu ya baiti na kumwonyesha: 00 00 00, ukurasa baada ya ukurasa.

Sijui kama tulitenda haki. Najua tulitenda jambo ambalo wale watu walidhani limekwishatendeka kitambo, na hiyo ndiyo hoja pekee niliyobaki nayo.

## Kuhusu lile swali la SSD

Niliahidi kulirudia.

SSD haina sahani wala sumaku. Ina chipu za flashi, na flashi haiandikwi juu ya kilichopo. Lazima bloku nzima ifutwe kwanza. Kwa hiyo tangu Windows 7, ukifuta faili, Windows inaipelekea SSD amri iitwayo TRIM, kuijulisha kwamba sehemu zile hazina kazi tena. SSD inazisafisha kwa wakati wake, hata kama wewe umekaa tu. Fundi akijaribu kusoma sehemu zile baadaye, mara nyingi anapata sifuri. Picha ya Raskazone isingetoka, hata ile nusu ya juu.

Utadhani basi tatizo la watu wa theluji limekwisha, lakini halijakwisha. SSD hutawanya inachoandika ili chipu zichakae kwa usawa, na huweka akiba ya nafasi ambayo Windows haiioni, kwa hiyo kuandika sifuri juu yake hakukupi uhakika kama kwenye diski ya kuzunguka. Zinahitaji amri maalumu ya kufuta inayokuja na SSD yenyewe, au kuisimba diski, yaani kuifunga kwa ufunguo wa siri, tangu siku ya kwanza ili ufunguo ukifutwa kila kitu kisisomeke.

Kompyuta aliyonunua shangazi safari hii ina SSD. Mjukuu akiipiga fomati tena, fundi hatakuwa na la kufanya, na amekwisha kutuambia hivyo. Picha, utenzi na shairi viko kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nakala nyingine iko kwa binamu yangu Pongwe. Anayenakili ni yuleyule mjukuu, kila mwisho wa mwezi, na akimaliza bibi yake humtaka afungue picha mbili tatu kutoka kwenye diski ya nje, aone kwa macho yake kama kweli zinafunguka.